Kompyuta haijazeeka, Git imeelemewa

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie vijana wenzangu wanaoandika programu: msikimbilie kununua kompyuta mpya. Yangu ya mezani ilichukua karibu dakika nzima kujibu "git status", amri ya kuuliza ni faili zipi zimebadilika katika Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Kumbe Git hupitia kila faili, na mimi niliiingizia folda ya "node_modules", yenye vifurushi vya JavaScript vilivyopakuliwa, maelfu ya vijifaili, huku kinga ya virusi nayo ikivipekua kimoja kimoja!

Niliitoa kwenye orodha ya Git kwa "git rm -r --cached", nikaiandika kwenye ".gitignore", faili la vitu ambavyo Git haivijali, nikawasha "core.fsmonitor", iliyomo ndani ya Git ya Windows, inayoiambia ni faili zipi zimebadilika ili isipitie zote. Sasa jibu latokea kabla sijainua kidole.

Walimu wa vyuo, tafadhali lifundisheni hili mapema. Mdogo wangu aliuza simu yake aongeze RAM (kumbukumbu ya kompyuta), na tatizo likabaki palepale. Iliniuma sana.

Msomaji wenu,
Morogoro