Wanangu wa uendelevu, miiko mmeiacha wapi?

Wanangu, hamjambo. Nawaandikia hasira za juzi hazijaniisha. Mlinialika kwenye kikao chenu cha mazingira nikaja, nikakaa nyuma nikawasikiliza saa mbili nzima mkimwaga takwimu, hewa ukaa asilimia ngapi, maji lita ngapi, malengo 17 ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa mnayo kichwani yote. Nilijivunia kwa kweli. Kikao kikaisha mkatoka, nikabaki mimi na meza: chupa za maji kibao zimenywewa funda moja moja zikaachwa, kiyoyozi kinanguruma chumba kitupu, na kule chooni bomba linachuruzika, watu wanne wamenawa hapo wakapita zao. Nimelifunga mimi. Hakuna aliyeona haya, na hapo ndo paliponiuma.

Mmeshazoea kuona uendelevu ni hesabu. Hesabu itakwambia kimebaki kiasi gani, kujizuia haitakufundisha. Ile ripoti ya 1987 ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na mama Brundtland ilisema uendelevu ni kukidhi mahitaji yetu bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi yao. Sasa hilo ni deni, tena unadaiwa na mtu hajazaliwa, hawezi kukushtaki wala kukunyima kura, atakukumbusha nani kama si haya yako mwenyewe na jicho la jirani?

Kuna kijiji Uswisi kinaitwa Törbel, mama Elinor Ostrom aliyepata Nobel ya uchumi 2009 alikieleza vizuri sana. Malisho ya mlimani ni ya wote. Mwaka 1517 wakawekeana sheria, usipandishe mlimani ng'ombe wengi kuliko uwezao kuwalisha wewe mwenyewe majira ya baridi. Basi. Una nyasi za ng'ombe wanne, panda na wanne, hata kama hela ya kununua kumi unayo. Ukizidisha unapigwa faini, na msimamizi wa kijiji anayekutoza nusu ya faini ni yake! Mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika 1968 kwamba cha wote mwisho wake ni kuharibiwa kwa tamaa, na wale wa Törbel walikuwa wameshatunza chao miaka mia nne na ushee. Hesabu walikuwa nayo, ila waliiweka ndani ya mwiko ambao hata mtoto angeweza kuusimamia, ng'ombe si wanaonekana? Ninyi malengo yenu nani anayaona zaidi ya aliyeandika ripoti?

Mengine nayataja tu. Msimpangie mtu miiko bila kumuuliza. Msianze na maskini, anzeni na anayetumia sana. Na huu wimbo wa teknolojia itatuokoa, punguzeni.

Wala siwatupii ninyi lawama zote wanangu. Sisi tuliowalea ndio tuliowaonyesha kwamba mwenye pesa haulizwi, akimwaga chakula tunasema ni chake, akichafua mto tunampa kiti cha mbele kwenye sherehe. Mtoto aliyekua anaona hayo, haya angezitoa wapi?

Kikao kijacho nitakuja tena, mkinialika. Wekeni jagi na glasi, chupa hapana. Wa mwisho kutoka azime kiyoyozi, na akisahau msinong'one nyuma yake wala msimzimie kimyakimya, mwiteni arudi azime mwenyewe, mbele ya wenzake.