Kidato cha chini katika induksheni

Mhariri,

Maswali ya induksheni (njia ya kuthibitisha kwamba kauli ni ya kweli kwa kila namba n: 1, 2, 3 na kuendelea) yanayochapishwa kwenye kurasa za elimu kwa ajili ya Kidato cha Tano na cha Sita mara nyingi huja na jibu la sura ileile: jaribu n = 1, chukulia kwamba n = k ni kweli, onyesha n = k + 1, kisha andika "kwa hiyo ni kweli kwa n zote". Mwanafunzi huikariri kama dua. Sura yenyewe haina ubaya. Tatizo ni kwamba kila kauli anayopewa ni ya kweli, hivyo hapati kuona kila hatua inamkinga na nini.

Huku kwetu pwani ya Lindi na Mtwara, kidato si cha shule tu. Ni ile pengo inayochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kuweka mguu. Induksheni inakwea vivyo hivyo: kidato cha chini kifikiwe na aliyesimama ardhini, na ukiwa kwenye kidato chochote, kinachofuata ukifikie.

Chukua kauli hii: 7ⁿ + 1 inagawanyika kwa 6 bila baki. Ruka n = 1, ingia hatua ya pili. Tunachukulia 7ᵏ + 1 = 6m, ambapo m ni namba kamili, yaani 7ᵏ = 6m − 1. Basi

7ᵏ⁺¹ + 1 = 7(6m − 1) + 1 = 42m − 6 = 6(7m − 1).

Imepita bila doa. Lakini kauli ni uongo mtupu: n = 1 inatoa 8, n = 2 inatoa 50, n = 3 inatoa 344, na kila moja ukiigawa kwa 6 inabaki 2. Vidato vya juu vyote vimechongwa, cha chini hakipo. Ndiyo sababu mwanafunzi anayeandika "n = 1 ni kweli" bila kupiga hesabu yake hajathibitisha kitu.

Hapo pia maneno "m ni namba kamili" yanapata kazi. 8 = 6m nayo ina jibu, 4/3. Bila sharti hilo, kila namba "inagawanyika" kwa 6.

Makosa mengi zaidi yako hatua ya pili. Tuseme 5ⁿ + 3 inagawanyika kwa 4. Kwa n = 1 tunapata 8, sawa. Tukichukulia 5ᵏ = 4m − 3, basi 5ᵏ⁺¹ + 3 = 5(4m − 3) + 3 = 20m − 12 = 4(5m − 3). Anayeandika 5ᵏ⁺¹ kuwa 5ᵏ + 5 anafika 4m + 5 na kukwama. Huyo angalau anajua amepotea. Wa kuogopwa ni anayesahau mabano: 5 × 4m − 3 + 3 = 20m, inagawanyika kwa 4, anafunga daftari akiwa na furaha. Msahihishaji mwenye haraka naye anaweza kumpa tiki. Dawa ni kujaribu kwa namba: k = 1 inatoa m = 2, na 5² + 3 ni 28. 4(5m − 3) inatoa 28. 20m inatoa 40.

Kosa jingine ni kuishia njiani. Kwa n³ − n na 6, n = 1 inatoa 0, na 0 inagawanyika kwa 6 (wapo wanaokataa hili; 0 = 6 × 0). Hatua ya pili inaleta (k³ − k) + 3k(k + 1). Wengi huona ile 3 na kutangaza ushindi, ilhali 3 si 6. Lazima iandikwe kwamba kati ya k na k + 1 moja ni shufwa, kwa hiyo k(k + 1) = 2p, na 3k(k + 1) = 6p. Kweli, n³ − n ni zao la namba tatu zinazofuatana, (n − 1)n(n + 1), na jambo linaisha kwa mstari mmoja. Lakini swali likidai induksheni, njia hiyo hailijibu.

Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, ila mantiki hii inafundishika kwa Kiswahili bila taabu. Tunaomba kurasa zenu za elimu zichanganye kauli za kweli na za uongo bila kusema ipi ni ipi. Tunaanza na mbili: 4ⁿ + 2 inagawanyika kwa 6, 4ⁿ + 1 inagawanyika kwa 3. Hatua ya pili inapita kwa zote mbili.

Walimu wa hisabati,
Mtwara