Barua ya wazi kwa vijana mnaochora miti ya ukoo

Wapendwa wajukuu zangu, pamoja nanyi wengine wote mlioingiwa na hamu ya kutafuta mlikotoka,

Nawaandikia nikiwa na kero, na ni afadhali niseme mapema ili asiyependa kukemewa aiweke barua hii kando. Hivi karibuni kijana mmoja wa ukoo wetu, mwenye bidii na adabu zake, alileta kwenye mkutano wa familia mti wa nasaba uliochapishwa kwa rangi, mpana kiasi cha kufunika ukuta mzima. Watu wakashangilia, wakapiga picha, kila mmoja akatafuta jina lake. Mimi nikavaa miwani nikausogelea. Nikamkuta mama aliyezaliwa mwaka 1868 ambaye mwanawe wa kwanza kazaliwa mwaka 1873, yaani alijifungua akiwa na miaka 5. Juu ya mama huyo palikuwa na baba aliyezaliwa mwaka 1846, na juu ya baba huyo mzazi wake wa kiume aliyefariki mwaka 1839. Kileleni kabisa, kama ilivyo kawaida ya miti ya namna hiyo, ameketi mfalme. Nilipomuuliza kijana amezipata wapi habari hizo, alinijibu kwa upole kabisa: "Zilikuwa zimeshakusanywa mtandaoni, babu. Mimi nilibonyeza tu kukubali."

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na kompyuta. Leo mtu anaweza kukaa nyumbani kwake akasoma picha ya daftari la ubatizo ambalo zamani angelisafiria kutwa nzima, kisha akaambiwa mtunza funguo ametoka. Hiyo ni neema. Ninachogombana nacho ni tabia ya kuruka daftari na kuchukua hitimisho la mtu mwingine msiyemjua, ambaye naye alilichukua kwa mwingine, hata asijulikane nani kati yao aliyewahi kufungua ukurasa wowote. Miti 40 inayosema jambo moja si mashahidi 40 ikiwa yote imenakili mti mmoja.

Kila mstari mnaouchora kati ya mzazi na mtoto ni dai, na dai hudaiwa ushahidi: nani alisema, alisema lini, na yeye alijuaje? Chukueni cheti cha kifo. Kwa tarehe ya kifo mnaweza kukiamini kwa kiasi kikubwa, kwa sababu tukio lilikuwa bichi wakati linaandikwa. Lakini jina la mama wa marehemu lililomo katika cheti hichohicho huenda lilitajwa na mkwe ambaye hakuwahi kumwona bibi huyo hata siku moja. Karatasi ni moja, mhuri ni mmoja, na bado sehemu moja ni ya kutegemewa na nyingine ni ya kutiliwa shaka. Asiyejifunza kutofautisha haya asijiite mtafiti wa nasaba. Anakusanya majina tu. Na akikosea kiungo kimoja, wote walio juu ya kiungo hicho ni mababu wa watu wengine, hata kama amewatafuta kwa uaminifu mkubwa.

Msidhani balaa hili limeletwa na mtandao. Palikuwa na bwana aliyejiita Gustave Anjou, aliyefariki mwaka 1942, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatungia matajiri wa Marekani nasaba za kifahari kwa malipo. Alichanganya kumbukumbu za kweli na za kughushi kwa ustadi, akawaunganisha wateja wake na watu wakubwa waliotaka kuwa wajukuu wao, na kila upande ukaridhika. Yeye alikwisha kuzikwa, wateja wake nao wamezikwa, lakini uongo wake ungali unanakiliwa hadi leo na watu wanaodhani wanatafiti. Uongo ulioandikwa vizuri huishi kuliko mwongo.

Tena, huyo mfalme mnamtakia nini? Pigeni hesabu. Mna wazazi 2, babu na bibi 4, na kila mkipanda kizazi idadi huongezeka mara mbili, hata kizazi cha kumi nafasi ni 1,024. Mkifika kizazi cha thelathini nafasi hupita bilioni 1, idadi kubwa kuliko watu wote waliokuwa hai duniani wakati huo. Maana yake ni kwamba mababu hujirudia, jamaa waliooana wengi, na koo zilizojiona mbalimbali zinakutana huko nyuma. Kwa hiyo ukimpata mfalme wa kweli, jua kwamba umati mkubwa wa watu unao mfalme huyohuyo, na miongoni mwao wamo waliokuwa wakimfagilia ua. Mnapenda kuninukuulia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Je, anayejibandika asili ya wengine kwa kuwa ya kwake haina taji, yeye ameishika ipi?

Anzeni kwenu wenyewe, mpande ngazi moja moja. Kuna utaratibu wa nambari uliochapishwa Ulaya na Michaël Eytzinger mwaka 1590, na hadi leo sijaona ulio rahisi zaidi. Jipe nambari 1. Baba yako ni 2 na mama yako ni 3. Kuanzia hapo, baba wa mtu yeyote hupewa nambari ya mtoto wake mara mbili, na mama huongezewa moja juu ya hiyo, kwa hiyo mama wa mama yako ni 7. Uzuri wake ni kwamba haufichi mapengo. Ukimwondoa mwenye mti mwenyewe, nambari witiri zote ni za wanawake, na nilipojaribu kuupa nambari mti wa kijana wetu, witiri karibu zote zilikuwa tupu. Wanaume walikuwa wakizaana wenyewe kwa wenyewe hadi kwa mfalme! Wanawake hupotea kwa sababu majina yao hubadilika wakiolewa, au kwa sababu mwandishi aliona inatosha kuandika "mke wa fulani". Watafuteni kwenye ndoa za ndugu zao wa kiume, kwenye wosia wa baba zao, na kwenye orodha ya wadhamini wa ubatizo, ambako mara nyingi shangazi na mama wadogo hujitokeza kwa majina yao waliyozaliwa nayo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kabla ya daftari lolote, nendeni kwa wazee walio hai. Daftari litakusubiri kwenye rafu. Bibi yako wa miaka tisini hatasubiri umalize mitihani. Nendeni bila fomu yenye maswali hamsini, maana mzee akihisi anahojiwa hujibu kifupi ili muondoke. Chukueni picha ya zamani, mumwekee mkononi, kisha mnyamaze. Ataanza na aliyesimama katikati, atahamia kwa mtoto aliyeshikwa mkono, na punde atamtaja mtu ambaye hayumo pichani, akieleza kwa nini siku ile hakuja. Huyo asiyekuwepo ndiye mliyemfuata. Geuzeni na upande wa nyuma wa picha, kwani mara nyingi pana jina au mwaka ulioandikwa kwa penseli.

Msimuulize alizaliwa mwaka gani. Muulizeni alikuwa na ukubwa gani wakati wa vita, wakati wa njaa kuu, wakati wa mafuriko au mwaka daraja lilipojengwa. Kama mama yake alikuwa hai bado. Kama kaka yake alikuwa ameoa. Matukio hayo yana tarehe zinazojulikana, na umri mtautoa humo. Akitaja baba, ulizeni kwa adabu kama ni mzazi wake au ni baba mkubwa. Rekodini sauti kwa idhini yake na muandike maneno kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Akikosea, msimsahihishe mbele ya watu. Rudini siku nyingine na swali lilelile kwa mlango mwingine, na majibu mawili yakitofautiana andikeni yote mawili. Nimewaona vijana wanaokatiza masimulizi ya mzee ili kumwonyesha simu kwamba "huku imeandikwa tofauti". Mzee yule alifunga mdomo, na alichokuwa akikaribia kukisema hakukisema tena.

Baada ya wazee, maandishi: vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo, madaftari ya ubatizo na ya ndoa za misikitini, sensa, wosia na mashauri ya mirathi, hati za ardhi, rejista za shule, orodha za wafanyakazi na za askari, magazeti ya zamani, mawe ya makaburi. Sitayaeleza moja moja. Ila someni ukurasa mzima, pamoja na mashahidi na majirani, maana ndugu aliyehama mara nyingi hupatikana akitia sahihi kwenye ndoa ya mtu mwingine.

Kuhusu umri na tarehe, kuweni wagumu wa kuamini. Watu wasiojua umri wao hutaja 30, 40 au 50, na karani huandika hivyohivyo. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo mtu aliyefikisha miaka 70 kwa hesabu hiyo hana hata 68 kamili kwa kalenda ya jua. Uingereza hadi mwaka 1752 ilihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, na mtoto aliyeandikwa kuwa kazaliwa Februari 1740 sisi tungesema ni Februari 1741. Na msimkatae mtu kwa sababu jina lake limeandikwa kwa herufi tofauti. Karani aliandika alichosikia, na aliyetajwa pengine hakujua kusoma ili amrekebishe.

Zipo kumbukumbu ambazo hamtazipata kamwe. Juni 1922, katika vita vya Ireland, hifadhi ya nyaraka za taifa mjini Dublin iliteketea, ikaondoka na sehemu kubwa ya sensa za mwaka 1821 hadi 1851 na wosia wa karne nyingi. Sensa ya Marekani ya mwaka 1890 nayo iliharibiwa na moto mwaka 1921. Lakini moto hausikitishi kama uzembe na dharau. Katika sensa za Marekani za mwaka 1850 na 1860, watumwa waliandikwa kwenye orodha za pembeni chini ya jina la mmiliki: umri, jinsia, rangi, bila jina. Wengi wao majina yao yanaonekana katika sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870, na hapo ndipo kizazi chao kinapogonga ukuta. Huko mtafiti hulazimika kufuata karatasi za mmiliki, yaani orodha za mali, mauzo na mirathi, ili apate jina la bibi yake kati ya majina ya ng'ombe. Mwenye kusema nasaba ni mchezo wa wazee wasio na kazi akasome orodha moja ya namna hiyo.

Na sisi wa leo tunafanya nini? Nimeona madaftari ya ofisi moja yakiwa sakafuni chini ya bati linalovuja, kurasa zimegandana, na aliyekabidhiwa ametandika moja chini ya birika. Nimeona familia ikichoma sanduku la makaratasi ya marehemu wiki ile ile ya mazishi, ili chumba kipate mpangaji. Nawalaumu pia wazee wenzangu, mnaoagiza jina la mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa lisiandikwe, au habari ya babu aliyefungwa gerezani isitajwe, au bibi aliyewahi kuwa mtumwa apewe ukoo wa kuazima. Mnawafundisha vijana kughushi kabla hata hawajaugusa mtandao, kisha mnashangaa wakileta wafalme.

Wengine mnaniuliza kuhusu vipimo vya vinasaba. Vina faida, ila havitaji jina la mtu. Babu, shangazi na ndugu wa mzazi mmoja wote hushirikiana nawe takriban robo ya vinasaba, na kipimo peke yake hakitakwambia yupi ni yupi bila umri wao na maandishi. Kabla hamjapima, ulizaneni pia kama mko tayari kugundua kwamba aliyewalea si aliyewazaa, maana majibu hayo humfikia hata ndugu ambaye hakuomba kupimwa.

Msitangaze habari za walio hai. Tarehe za kuzaliwa na majina ya mama zao ndiyo hutumika kuthibitisha utambulisho wa mtu, na matapeli wanayajua hayo kuliko nyinyi. Wanaoishi waandikwe "yu hai", basi. Nakala za kazi yenu zikae katika sehemu zaidi ya moja, mojawapo kwenye maktaba au hifadhi ya nyaraka iliyo karibu nanyi, na ziwe za karatasi, kwa kuwa tovuti hufungwa na nywila hufa na mwenyewe.

Mnaotaka niwasomee kazi zenu, milango iko wazi. Njooni kwanza na daftari la vyanzo, lenye kila jina na mahali lilikotoka. Mti wenyewe tutautazama tukishalimaliza hilo.

Ni mimi babu yenu.