Bastola ya dubu haimzuii nyati wa Witu

Kwa Mhariri,

Kuna rai inayozidi kupata wafuasi mabarazani huku upande wa bara wa Lamu, kuanzia Hindi na Mpeketoni hadi Witu. Inasemwa kwamba mkulima anayelala kondeni au anayekatiza msitu aombe leseni ya bastola ajikinge na nyati, kwa sababu watu wa Alaska, Marekani, hutembea mwituni na bastola kwa ajili ya dubu na hurudi nyumbani salama. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze bastola ya dubu huchaguliwa vipi hasa. Anayeijua hesabu hiyo hataitumia kwa nyati.

Hesabu yenyewe huanza na mwendo. Dubu wa kahawia hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, yaani kama mita 14 kila sekunde. Kwenye vichaka mtu humwona akiwa hatua ishirini tu. Hapo una sekunde moja na nusu ya kutambua, kuchomoa, kulenga na kufyatua. Ndiyo maana wajuzi wa kule huuliza kwanza bastola itavaliwa wapi, kabla hata ya kuuliza ni ya aina gani. Ikiwa kiunoni, mkanda wa mkoba wa mgongoni huifunika. Ikiwa ndani ya mkoba, ni sawa na kuiacha nyumbani. Wao huiweka katika ala ya kifuani, juu ya koti, mpini ukielekea mkono wa kufyatulia, na hufanya mazoezi mpaka waweze kuchomoa na kupiga shabaha ya ukubwa wa sahani kwa umbali wa mita sita au saba ndani ya sekunde mbili.

Baada ya hapo huja risasi, na ndipo wengi hukosea. Risasi za kujilinda na binadamu huwa na tundu kichwani ili zifunguke kama ua zikigonga mwili na zisipenye mbali. Kwa dubu hiyo ni kasoro, kwa sababu risasi hufunguka kwenye mafuta na misuli ya bega na kusimama kabla ya kufika kwenye mfupa au uti wa mgongo. Inayotakiwa ni ya kichwa kigumu kisichofunguka, kilichotengenezwa kwa madini ya risasi yaliyochanganywa na bati na antimoni, kipana na bapa mbele, ili kiende moja kwa moja na kupasua kinachokutana nacho. Nguvu hupimwa kwa jouli. Risasi ya kawaida ya milimita 9, ambayo ndiyo bastola nyingi za raia hutumia, hutoa kama jouli 500. Ile ya milimita 10 yenye kichwa kigumu cha gramu 14 hukaribia 900. Ya .44 Magnum, risasi kubwa ya rivolva iliyotoka katikati ya miaka ya 1950, hufika 1,300 hadi 1,500 kutegemea urefu wa mtutu. Hizi mbili za mwisho ndizo watu wa Alaska hubishania.

Ubishi wao una maana. Rivolva ya .44, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, hubeba risasi tano au sita tu, na teke lake ni kali, lakini ukiwa chini na mnyama amekulalia unaweza kuikandamiza mwilini mwake na bado itafyatuka. Bastola ya magazini ya milimita 10 hubeba hata risasi 15 na teke lake huvumilika, ila mdomo wake ukikandamizwa sana dhidi ya mwili, sehemu ya juu husogea nyuma kidogo na bastola hukataa kufyatuka. Pia mkono ukilegea, ganda tupu hukwama kwenye mlango wa kutolea maganda na risasi inayofuata haipandi. Rivolva nayo ina ugonjwa wake. Watu hununua zile nyepesi za gramu 700 hivi kwa sababu hazichoshi kubeba, kisha teke kali huvuta vichwa vya risasi zilizobaki vitoke mbele ya maganda yake, vikagusa fremu, na silinda haizunguki tena. Mtu hupiga mara mbili, ya tatu imekwama. Dawa yake ni kupiga risasi nne katika mazoezi, kutoa ya tano bila kuipiga, na kuipima urefu dhidi ya mpya. Ikiwa imerefuka, aina hiyo ya risasi haifai kwa bastola hiyo.

Haya yote, Mhariri, ni kwa mtu aliyechagua vizuri na anayefanya mazoezi kila mwezi. Na je, humsaidia? Mara nyingi ndiyo. Watafiti wakiongozwa na Tom Smith walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa matukio 269 ya silaha na dubu huko Alaska, na bastola zilifanikiwa kwa asilimia 84. Lakini uchunguzi huohuo ulikuta kwamba waliotumia silaha zao hawakutofautiana na wasiozitumia katika kuumia au kutoumia. Mwaka 2008 kundi hilo lilikuwa limeshachapisha matokeo ya kopo la kupuliza pilipili. Lilimzuia dubu wa kahawia kwa asilimia 92, na karibu wote waliokuwa nalo hawakuumia. Takwimu hizi mbili zisilinganishwe kijuujuu, kwa kuwa baadhi ya dubu waliopuliziwa walikuwa wakinusanusa tu na hawakuwa wakishambulia. Hata hivyo zinaonyesha kitu ambacho video za simu hazionyeshi: dubu wengi hugeuka. Mshindo, moshi, mwasho puani, maumivu ya bega, chochote kati ya hivyo huweza kumfanya aone kwamba mzozo huu hauna faida kwake. Bastola hufaa kwa dubu kwa sababu dubu ana mlango wa kutokea na mara nyingi huutumia.

Sasa tumweke nyati mahali pake.

Dume la nyati lina kilo 500 hadi 900, na mbio zake si haba kuliko za dubu. Akishakata shauri kukujia hageuki kwa mshindo. Huja pua imenyoshwa mbele, macho yamekukazia wewe, na huinamisha kichwa dakika ya mwisho tu ili akuzoe. Mtu mwenye bastola atalenga kipaji cha uso, kwa sababu ndicho anachokiona, na hapo kwa dume mzima ndipo mashina ya pembe mbili yamekutana yakawa ngao moja nene. Risasi ya jouli 500 hapo ni kama kubisha hodi. Ubongo uko chini na nyuma zaidi. Moyo uko chini kabisa kati ya miguu ya mbele, ukifunikwa na mbavu pana na misuli ambayo risasi fupi ya bastola haiipiti kwa uhakika. Wawindaji wa zamani, kabla uwindaji haujapigwa marufuku Kenya mwaka 1977, walianzia kwenye bunduki ndefu ya .375 yenye jouli zaidi ya 5,500, na wengi walipendelea ya .458 ambayo huzidi hapo (nambari hizi ni unene wa risasi kwa inchi). Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya milimita 9. Hata .44 ile inayosifiwa Alaska haifiki theluthi moja yake. Na watu hao, wakiwa na bunduki hizo mikononi na wafuatiliaji hodari mbele yao, bado waliuawa na nyati.

Na sasa nalifikia jambo linalonifanya niandike barua hii. Nyati aliyepigwa bastola hafi pale. Huingia kichakani na jeraha, na jeraha hilo huvimba na kutunga usaha. Anaweza kuishi siku nyingi akiwa hivyo, peke yake, karibu na maji, akimngojea yeyote apitaye. Aliyefyatua ameshapanda bodaboda na kwenda zake. Atakayekutana naye ni mwanamke aliyekwenda kuni alfajiri, au mtoto anayepitia njia ya mkato kwenda shule. Tunajua nyati waliotoka na tanzi la waya mguuni jinsi wanavyokuwa. Wa risasi ni kama huyo, tofauti ni kwamba huyu jirani yako ndiye aliyemjeruhi, tena akidhani anajilinda.

Kuna na chumvi. Chuma kinachobebwa kifuani penye jasho katika upepo wa huku pwani hushika kutu usiku mmoja, na mafuta mengi ya kuzuia kutu yakipenya kwenye kiwashio cha risasi huiua. Bastola isiyofunguliwa na kupanguswa kila jioni huku kwetu si ya kutegemewa hata kwa kazi nyepesi zaidi.

Kinachomlinda mtu na nyati ni kutomkaribia bila yeye kujua. Wengi wa wanaoumizwa humshtukia mnyama amelala kivulini wakati wa joto, au wakiwa njiani magharibi na alfajiri anapotoka na kurudi malishoni. Basi safari ya kuni au ya kurina asali ingoje jua lipande, na watu waende wakizungumza kwa sauti. Nyati huona kwa wastani lakini hunusa na kusikia vizuri sana, kwa hiyo mpe harufu yako mapema: chukua jivu kidogo kwenye kitambaa, litikise, utazame linakwenda wapi. Likikurudia usoni, harufu yako haimfikii aliye mbele yako, nawe unaweza kumkanyaga. Hapo zunguka au ngoja. Kinyesi kinachong'aa kwa umajimaji na chenye inzi wapya ni cha saa hiyohiyo. Ndege wadogo wenye midomo myekundu wanaokula kupe wakiruka ghafla kichakani kwa mlio wa kukwaruza, simama, kwa maana wametoka mgongoni mwa mnyama mkubwa. Mti wa kupanda uutambue kabla hujauhitaji, na uwe wa kukufikisha juu zaidi ya kimo cha mtu na nusu. Ukikosa mti kabisa, la mwisho ni kulala kifudifudi ujibane na ardhi, kwani pembe zilizopinda kwenda juu hupata taabu kukuzoa ukiwa chini. Si salama. Ni afadhali tu kuliko kukimbia mbele yake uwanjani.

Kwa makonde, ua wa umeme humzuia nyati na ndovu pia, lakini ukitunzwa. Majani yakigusa waya yanamwaga umeme ardhini, na volti zikishuka kutoka 6,000 hadi 2,000 mnyama hupita kama vile hakuna kitu. Kazi ya kufyeka chini ya waya kila wiki mbili msimu wa mvua haina mwenyewe katika miradi mingi, na hapo ndipo ua hufia. Kamba za pilipili na oili chafu zinafaa kwa ndovu, na mvua ikizisafisha zipakwe upya. Tusimwambie mtu kwamba zitamsimamisha nyati. Kiboko wa Ziwa Kenyatta na wale wa Mto Sabaki kule Malindi wana kanuni moja tu ya kukumbuka: usisimame kati yake na maji, hasa kabla ya jua kuchomoza.

Ninachokiomba kwa wenye mamlaka ni askari wa wanyamapori wenye bunduki ndefu zinazofaa, wakae karibu na makonde kiasi cha kufika siku ileile nyati aliyejeruhiwa anaporipotiwa. Na kwa walioumizwa, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imetaja fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Madai mengi hudhoofika siku ya kwanza kwa kukosa ushahidi. Piga picha ya nyayo ukiweka kiberiti kando yake ili ukubwa uonekane, na unyayo wa nyati ni mpana na wa mviringo kuliko wa ng'ombe. Usilime tena sehemu iliyokanyagwa kabla ya afisa kuitazama. Daktari aandike kwenye ripoti kwamba jeraha ni la pembe, asiandike "ajali" tu. Ripoti ifike kwa KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya, na kwa chifu, nawe ubaki na nakala yenye tarehe na muhuri.

Nawe Mhariri, unaweza kutusaidia kwa sentimita chache za karatasi. Katika kurasa zako za Pwani, chapisha kila wiki nambari za simu za kituo cha askari wa wanyamapori kilicho karibu na Witu, Mpeketoni, Hindi na Malindi, kwa herufi kubwa, ili mtu azikate na kuzibandika mlangoni. Usiku nyati akiwa uani, hakuna anayekumbuka nambari ya simu.

Msomaji wako,
Witu, Kaunti ya Lamu