Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tupime Gesi Inayopikiwa, Siyo Mitungi Iliyouzwa

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati imeacha kuhesabu mitungi mipya kama kipimo cha kukua kwa biashara yetu ya gesi ya mitungi (LPG) hapa Moshi. Mtungi mpya huuzwa mara moja, tena mara nyingi kwa ofa; gesi ikiisha mteja anarudi kwenye mkaa na mtungi unageuka stuli ya jikoni. Sasa tunachukua mitungi mitupu iliyobadilishwa kwa iliyojaa ndani ya mwezi, tunagawa kwa mitungi iliyoko kwa wateja. Kwa mfano, duka lenye mitungi 120 mtaani likibadilisha 90, linapata 0.75. Likisambaza mingine 60 na bado likabadilisha 90, linashuka hadi 0.5: mtaji umetoka, upishi haujaongezeka. Mitungi ya kilo 6 iandikwe mbali na ya kilo 15, kwa sababu midogo huisha upesi na kuipamba hesabu.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati hiyo ifikapo 2034. Hao ni wanaopika, si wenye mtungi stoo.

Kuhusu uzito: pima mbele ya mteja, kisha toa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa shingoni mwa mtungi huohuo. Mzani uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Malalamiko ya Juni na Julai kwamba gesi "imeibiwa" si yote ya kweli. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo hukaa mtungini zikiwa kimiminika. Propani huchemka kwenye nyuzi hasi 42, lakini butani ni karibu na sifuri. Asubuhi ya baridi, jiko kubwa likivuta kwa nguvu, mtungi hupoa kuliko hewa iliyouzunguka, presha inaanguka, moto unafifia na gesi inabaki chini. Kwa hiyo mtungi ukirudi, upime kabla ya kubishana. Mwenye mgahawa mshauri aunganishe mitungi miwili sambamba. Kuumwagia mtungi maji ya moto ili upate joto ni hatari.

Walioulizia gesi asilia: ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam 2004, karibu yote ni methani na husafiri kwa bomba, ambalo huku halijafika. Yetu huja kwa meli. Takwimu za gesi asilia zisiingie kwenye fomu zetu. Hata uvujaji hutofautiana: methani hupanda juu, yetu hutuama sakafuni, hivyo matundu ya hewa ya stoo yawe chini.

Fomu zimfikie katibu kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi. Asiye na hesabu aache wazi. Namba ya kubuni inaharibu wastani wa wote.

Mwenyekiti