Kabla ya kuchagua saa ya katamarani, uliza maji

Ikikaribia Desemba, sisi tunaotembeza wageni kwa katamarani, chombo cha matumbo mawili, simu nyingi hutujia hivi: "Kaka, tuko wanane, tunateremka Mombasa likizo hii. Tutengee katamarani saa nne asubuhi. Ni pesa ngapi?" Bei tunaitaja papo hapo. Saa hatuitaji mpaka tujue tarehe, na wapo wateja wanaodhani tunawazungusha. Tunaandika haya ili mtu ajue sababu kabla hajapanga safari yake.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Kati ya bamvua moja na nyingine kuna maji mafu, na hapo tofauti ni mita moja na kidogo tu. Jambo ambalo mgeni halijui ni kwamba siku za bamvua, hapa Mombasa, maji hupwa hadi mwisho kama saa nne au saa tano asubuhi. Yaani saa ileile watu wanayoipenda, wameshakunywa chai na jua halijawa kali, ndiyo saa ambayo mwamba wa matumbawe uko wazi na chombo kimeelea mbali na ufuo.

Katamarani ina matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sitaha pana. Aliyewahi kupanda ngalawa ataelewa haraka, maana utulivu wake hutokana na upana wala si uzito, na haizami sana majini. Hiyo ndiyo sababu inafaa kwa maji ya ndani ya mwamba, kuanzia Nyali hadi Bamburi na Shanzu. Lakini hata chombo cha kina kifupi kina usukani chini, na matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua huvunjika kwa mguso mmoja.

Tulipokuwa wapya katika kazi hii, tulikubali saa ya mteja bila kuangalia maji. Ilikuwa familia ya watu kumi na mmoja, pamoja na bibi yao, na siku yenyewe ilikuwa bamvua. Walilazimika kutembea juu ya mwani na mawe hadi kilipo chombo, bibi kashikwa mkono huku na huku, na mtoto mmoja akajikata wayo. Tulipofika mwambani maji yalikuwa yameanza kuingia kwa nguvu, yamechafuka mchanga, na wale samaki waliofuatwa hawakuonekana. Nusu ya pesa tuliwarudishia. Asubuhi ya bibi yule hatukuwa na namna ya kuirudisha. Tangu hapo, tarehe kwanza.

Basi kama likizo yako inakupa nafasi ya kuchagua siku, ichague kwa mwezi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kukisia mwenyewe: tarehe mosi na tarehe kumi na tano ya kila mwezi wa kalenda hiyo, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Tarehe nane na tarehe ishirini na mbili, hali kadhalika na siku zinazofuatia, ni maji mafu. Wanaotaka kuvaa miwani na mrija waangalie samaki, sisi huwapeleka siku za maji mafu. Maji huwa yamejaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, mkondo ni mpole, na mtoto anayejifunza kuelea hasukumwi huku na kule. Hapo saa nne yako utaipata, na kwa moyo mmoja.

Bamvua nayo ina uzuri wake, ila ni wa jioni. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi hadi saa kumi na moja, kwa hiyo unapanda chombo karibu na ufuo bila kutaabika. Hapa kuna jambo la kuelezwa mapema: Mombasa jua huchomoza baharini na kutua upande wa bara. Picha ya jua likizama ndani ya maji hutaipata huku kwetu. Utakachokiona ni mji wote umegeuka kivuli cheusi mbele ya mbingu nyekundu. Na ukija usiku wa mwezi mpevu, geuza shingo: jua likitua nyuma ya mji, mwezi unapanda kutoka baharini karibu saa ileile. Mimi nimeuona mara nyingi na bado husimama kuutazama.

Msimu nao una neno lake. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huvuma Desemba hadi Machi, maji huwa safi, na ndiyo miezi ambayo nafasi zetu hujaa mapema. Anayetaka wiki ya Krismasi asingoje Desemba. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huanza kama Aprili, pamoja na mvua za masika, na huwa kali zaidi Juni hadi Agosti. Likizo za Aprili na Agosti zinaangukia humo. Hatufungi kazi, ila nje ya mwamba hatutoki bahari ikichafuka, hata mkiwa mmeshalipa. Julai hadi Oktoba nyangumi hupita pwani yetu, nao wako huko huko nje, kwa hiyo hatumwahidi mtu. Wanaotaka pomboo tunawaambia ukweli: nafasi nzuri iko Kisite, kusini kabisa, na hiyo ni safari nyingine ya siku nzima.

Kuhusu pesa. Tunachukua malipo ya awali, na nahodha akisema hatuendi kwa sababu ya upepo, unachagua siku nyingine au unarudishiwa zote. Neno la nahodha ni la mwisho. Si la ofisi, wala si la mteja. Ukitulipa kwa M-Pesa, soma jina linalojitokeza kabla hujathibitisha. Likiwa si la biashara uliyokuwa ukizungumza nayo, simama hapo, iwe ni kwetu au kwa mwingine yeyote. Mkienda ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa tangu 1986, kuna ada ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, inayolipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, mbali na bei ya chombo. Raia, mkaazi na mgeni hawalipi sawa, basi njooni na vitambulisho. Na chupa za maji za kutupwa ziacheni nyumbani. Tangu Juni 2020 haziruhusiwi ndani ya hifadhi, na maji ya kunywa tunayo kwenye madumu.

Wanaoogopa kulewa bahari hutuuliza kama waje na njaa. Hapana. Kula kidogo, saa mbili kabla, kitu chepesi. Mahamri na mbaazi za sahani nzima zingoje mkirudi. Kaa nyuma karibu na nahodha na utazame mbali. Ule wavu ulio mbele kati ya matumbo mawili ni wa watoto na vijana, na huko mtu hulowa.

Ujumbe wako wa kwanza ukiwa na mambo haya, hatutakusumbua kwa maswali: tarehe au wiki unayoifikiria, mko wangapi, wazee ni wangapi, nani hajui kuogelea, na uzito wa kila mtoto, kwa sababu jaketi la kuokolea maisha hupimwa kwa kilo, si kwa umri. Tuambie pia mnalala upande gani. Wanaotoka Diani wahesabu na muda wa feri ya Likoni. Tukikujibu utapata saa ya kufika ufuoni, saa ya kung'oa nanga na saa ya maji kujaa siku hiyo, ulinganishe mwenyewe.