Mji wa soko, siku ya soko hamkuitaja

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako mwaka wa 11 sasa na sijawahi kuandika hata mstari mmoja, lakini ile makala yenu ya Bury St Edmunds, mji wa mashariki mwa Uingereza, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu alieleza kila kitu: Mfalme Edmund aliyeuawa na Wadani mwaka 869, abasia (makao ya watawa) iliyofungwa 1539, bustani ya maua katikati ya magofu yake, hata ile baa ndogo ya Nutshell. Akauita "mji wa soko" mara nne. Siku ya soko hakuitaja hata mara moja.

Mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Ameuza mboga sokoni Mgandini zaidi ya miaka 30, na cha Waingereza alichotaka kukiona ni soko lao. Majumba ya kifalme alishayaona London. Nikakata tiketi, kwenda Jumatatu, kurudi Jumatano asubuhi. Jumatatu tukafika Cornhill, mtaa wa soko lenyewe, tukakuta mawe matupu na njiwa. Jumanne hivyo hivyo. Nikampeleka kuona nyumba zilizojengwa ndani ya ukuta wa mbele wa kanisa la abasia. Akazitazama kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na soko liko wapi?" Jumatano, saa moja asubuhi, tunaburuta masanduku kwenda stesheni, ndipo tunawakuta watu wanafunga maturubai na kushusha makreti. Kumbe soko ni Jumatano na Jumamosi! Mama akasimama kwenye meza ya kabichi. Akaibonyeza moja, akaigeuza kuangalia kikonyo kilipokatwa, akasema, "Hii imekatwa jana jioni." Muuzaji akamwonyesha nyingine, naye akaikagua vile vile, wakaanza kuelewana bila lugha. Nikaangalia saa. Tiketi zetu zilikuwa za treni ile tu, basi nikamshika mkono mama yangu mzazi na kumvuta kama mtoto.

Na hizo tiketi nazo! Ukinunua mapema kwa bei nafuu, umefungwa na treni moja. Ikikuacha, unakata upya kwa bei ya siku hiyo. Wengi wetu huku hatuna uwezo wa kununua za aina nyingine, lakini kurasa zenu za safari hazijawahi kuligusa jambo hili.

Kuanzia toleo lijalo, mji wowote mtakaouita wa soko, andikeni siku za soko chini ya picha ya kwanza, kwa herufi nene, na saa wanayofungua na kufunga. Soko lile liko katikati ya mji, kwenye mitaa aliyoipanga Abati Baldwin, mkuu wa abasia ile, karne ya 11. Halijafichwa. Mwandishi wenu arudi huko Jumamosi moja na atuletee bei ya kabichi.

Mama anaondoka tarehe 20. Nimeomba ruhusa kazini Jumamosi ya kabla yake.

Msomaji wenu,
London